Aliyetutia Vigae Usoni

Kabla hajawasha kamera, kabla hata hajavua buibui lake na kulitundika, mpiga picha wetu alikuwa na suali moja: "Nani hataki?" Alilisema akiwa amesimama katikati ya ukumbi wa wanawake, mkoba mweusi begani, na hakulirudia. Wasiotaka kuonekana kwenye video ya harusi walinyanyua mkono, au walimfuata pembeni wakamnong'oneza, naye akawatazama mmoja mmoja kutoka juu mpaka chini kama fundi cherehani anayechukua vipimo kwa macho. Akishakutazama hivyo, hukuwa na haja ya kumkumbusha. Baada ya wiki mbili tatu video ilipotoka, ulijikuta umo: mikono yako imo, kanga yako imo, hina yako imo, lakini penye uso pana vipande vya mraba, vidogo vidogo, vya rangi ya ngozi, vinavyokwenda ukenda na kugeuka ukigeuka. Mwenyewe aliita kazi hiyo kutia vigae.

Kijijini kwetu Wawi sote tulimwita Bi Kamera. Jina lake la kweli mimi nililisikia mara moja tu, lilipotangazwa msikitini siku aliyokufa, na ilinichukua muda kuelewa anayetajwa ni nani. Nimekaa jirani naye miaka na miaka.

Vigae vilikuwa na sababu yake. Harusi ya wanawake kwetu ni ya wanawake, mwanamume haingii. Watu wanavua mabuibui, wanatoa nywele, wanacheza mpaka jasho linawatoka. Lakini video haikai ukumbini. Inakwenda sebuleni, na sebuleni kuna mashemeji, kuna watoto wa ami, kuna fundi aliyekuja kutengeneza feni. Kwa hiyo alikuwapo mwenye kuficha uso kwa ajili ya dini, mwenye kuficha kwa ajili ya mume, na mwenye kuficha kwa sababu aliaga kazini kwamba anaumwa. Bi Kamera hakumuuliza mtu sababu yake. Alisema sababu ni ya mwenyewe, yake yeye ni vigae.

Chumba chake cha kazi kilikuwa uani, palipokuwa zamani pakiwekwa karafuu, na mvua zikinyesha kilikuwa bado kinanukia. Kompyuta aliifunika kitambaa cha kutarizi, akikikunja kila asubuhi na kukitandika tena kila jioni. Nilizoea kukaa naye pale nikiwa msichana, kabla sijaolewa, nikimtazama anavyofukuza uso mmoja ukumbi mzima. Mtu anacheza, anainama, anamgeukia mwenzake, na yeye anavisogeza vigae nyuma yake picha kwa picha. "Ukimwachia kidogo tu, ushamvua," alikuwa akisema, macho hayabanduki kwenye kioo.

Siku moja nilimuuliza vile vigae vinafanya nini hasa. Akanieleza kwamba kompyuta inachukua jicho, nyusi na kipande cha paji la uso, inavichanganya pamoja, inapata rangi moja, na rangi hiyo ndiyo inayojaza mraba. Nikamuuliza ile nyusi inakuwa imekwenda wapi.

"Haikwenda pahala," akasema. "Haipo tena. Uji ukishatiwa sukari, nani wa kuitoa?"

"Lakini si unayo ile ya mwanzo, ambayo haijatiwa vigae?"

"Ile naifuta. Nikishawapa wenyewe harusi yao, mie sibaki na kitu. Mtu nilimwambia n'tamficha. Sikumwambia n'tamficha nusu."

Na kweli aliifuta, kila mara, bila ya kumhurumia mtu wala kujihurumia. Hilo lilimtia mashakani mara moja ninayoijua, na nilikuwepo. Ilikuwa baada ya harusi moja kule Wambaa. Makhaloo wa bi harusi, ndugu wa mama yake, walikuwa wamevaa sare, kitambaa kimoja cha kijani chenye nyuzi za dhahabu, kimeshonwa na fundi mmoja, mshono mmoja. Kati yao walikuwamo ndugu wawili, mkubwa na mdogo, walioshabihiana mpaka sauti. Mdogo alimwambia Bi Kamera amfiche. Bi Kamera akamtazama juu mpaka chini kama kawaida yake, na alichokiona juu mpaka chini ni sare. Akamfunika mkubwa harusi nzima, akamwacha mdogo wazi.

Yule mkubwa alikuja Wawi mwenyewe na CD yake mkononi. Alikaa juu ya kiti, akaomba maji, akanywa taratibu, ndipo akasema.

"Bi Kamera, mie nimekukosea nini?"

"Hukunikosea kitu, mwanangu."

"Hina n'meiona. Bangili n'meziona. Nywele n'likaa nazo saluni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Uso wangu uwapi?"

Bi Kamera hakuwa na uso wa kumpa. Alishaufuta. Alimwomba radhi, akamwomba tena, akamtolea halua na kahawa, na yule mama akala halua akiwa amenuna. Alipokuwa anatoka aliuliza je, mdogo wake imekuwaje, maana yeye ndiye aliyekuwa na mume mwenye wivu. Ikajulikana kwamba yule mume aliitazama video yote kwa wakwe zake, na neno alilosema ni kwamba hakujua mkewe anajua kucheza hivyo. Tangu siku hiyo Bi Kamera akaweka sharti: penye sare, asiyetaka avae saa mkono wa kulia. Mpaka leo ukienda harusi za upande ule utasikia wanawake wazima wakiulizana leo saa umevaa mkono gani.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyokubaliana. Alificha nyuso za watu, lakini ukizungumza naye ukitazama chini alikukata katikati: "Nitazame." Alikuwa mkali wa sala, ila ngoma ikikolea mabega yake yaliondoka bila ya idhini yake, na ndiyo maana katika kila video aliyopiga pana mahali picha inatikisika. Aliwasema watu kwa pilau lao, kwa mapambo yao, kwa bi harusi aliyechelewa kutoka, lakini hutamsikia hata siku moja akisema alimwona nani akifanya nini chini ya vigae. Nilijaribu kumchokonoa, nikiwa kijana na hamu ya umbea. Aliniambia nikatie maji birika.

Wakati wake mbaya ulikuwa wakati wa kula. Chakula cha harusi kinaliwa kwa sinia, watu wanne au sita, ndugu na ndugu, majirani na majirani, wapishi na wapishi wenzao. Bi Kamera hakuwa ndugu wala jirani wa harusi wala mpishi. Kila sinia ilikuwa imeshajaa. Wakishakula watu ndipo mmoja hukumbuka, akamletea sahani iliyofunikwa. Nilimwona huko Gombani, kwenye harusi ya rafiki yangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, penye viatu, anakula kwa mkono mmoja na mkono mwingine ameushika juu ya kamera isipate mafuta. Sinia yetu ilikuwa na nafasi. Nilimwona na akaniona, na sikumwita. Mpaka leo sina sababu ya kujipa.

Halafu alikwenda nyumbani na harusi ile ile, akakaa nayo peke yake wiki mbili. Aliwajua watu wa kisiwa hiki kuliko wanavyojijua wenyewe. Njiani aliwasalimu kwa upendo mkubwa, akawauliza mguu umepoa, mtoto kaachishwa ziwa, na wao wakabaki kujiuliza huyu mama anatujulia wapi. "Mie nawajua wote," aliniambia. "Namjua anayecheka mpaka anajishika ubavu, namjua anayejifanya anacheka. Wao wananijua mkoba."

Simu zilipokuja zikamwondolea kazi, ingawa hakuna aliyemwambia asije tena. Waliacha tu kumwita. Kila msichana sasa alikuwa mpiga picha, na hakuna aliyesimama katikati ya ukumbi kuuliza nani hataki. Wanawake wakawa wanamjia wakilia, na simu mkononi, kipande cha video kimeshazunguka kutoka kundi hili mpaka lile, wakimtaka akitie vigae. Awaambie nini? Kilikuwa kimeshafika Tanga. Mmoja alimletea kipande kilichotumwa na kutumwa tena mpaka kikachakaa, kimebaki miraba mitupu inayocheza, mtu humjui wala ukumbi huujui. Bi Kamera alikitazama sana. "Simu nazo zinatia vigae," akasema, "ila zenyewe hazimuulizi mtu."

Mama yangu alikuwa mmoja wa wale waliofichwa.

Ilikuwa harusi yangu mimi. Naolewa Unguja, na kwetu nilikuwa mtoto wa pekee, baba alishatangulia zamani. Mama hakuwa mtu wa picha. Ukitoa ile ya kitambulisho, ambayo kila mtu anatoka kama mshitakiwa, hana nyingine ya kutambulika. Kwa hiyo nilipoona ametiwa vigae sikushangaa, nilidhani ni haya zake. Nilikwenda na ile CD Unguja, na kwa miaka minane niliitazama nilipokuwa na hamu naye. Pale ninapotolewa mimi nje, nimepambwa, yeye amesimama mbele ya wenzake, uso vigae, na mabega yanamtikisika. Amejiziba mdomo kwa pembe ya kanga. Wanawake waliomzunguka wanacheka. Anacheka, nilisema. Mama alifurahi.

Nilikihitaji kile kicheko. Kila nilipopiga simu akasema hajambo, kila Idi niliyokosa boti au nikajifanya nimeikosa, kila jirani aliyeniambia mamako yuko peke yake sana siku hizi, mimi nilikuwa na jibu langu. Aliniozesha akicheka. Niliondoka kwa ridhaa yake na furaha yake, na mwenye kutaka ushahidi aitazame video. Alikufa mimi niko Unguja. Nilifika ameshazikwa.

Baada ya siku za msiba nilikwenda kwa Bi Kamera nikamwomba anitolee vile vigae. Nilijua atakalosema, nilishalisikia nikiwa msichana, lakini msiba unamfanya mtu asikubali hata analolijua. Alisema haiwezekani. Nikamwambia atafute, huenda alisahau kuifuta hii moja. Akasema hakusahau. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nikarudi Unguja, na baadaye mume wangu alipohamishiwa kazi mjini Chake, karibu na Wawi, tukaja kukaa katika nyumba ya mama, hatua chache kutoka kwake, na mimi nikawa napita mlangoni mwake nikimpa salamu ya kumaliza faradhi. Yeye aliitikia kila siku. "Marahaba mwanangu." Hakuongeza kitu na mimi sikusimama.

Iliendelea hivyo mpaka mwaka huu, mwalimu mwenzangu anayefundisha kompyuta skuli kwetu aliponiambia kuna programu ya simu inayosafisha picha. Unaipa uso wenye miraba, inakurudishia uso. Nilimpa kile kipande cha mama. Aliniambia mapema, tena mara mbili, kwamba programu haioni kilichokuwemo. Inakisia tu, kwa nyuso nyingine ilizowahi kuziona. Nikamwambia sawa. Alipokileta, nilimwona mwanamke wa makamo, mzuri, anacheka kwa meno kamili, pembe ya kanga chini ya kidevu. Mama alikuwa na pengo la jino la juu. Nilijua si yeye, na nilimpenda vile vile. Nilimtazama skuli, nilimtazama jikoni, nilimwonyesha mume wangu, akanirudishia simu.

Nikampeleka kwa Bi Kamera. Nisidanganye, nilikwenda kumkomoa. Nilitaka aone kwamba sukari imetoka kwenye uji.

Ilikuwa baada ya alasiri. Miguu ilikuwa imemvimba na hakuwa akitoka tena. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, amenyoosha miguu juu ya mto, televisheni inawaka bila ya sauti. Nilipopiga hodi na kuingia mpaka ndani, si kupita tu, alinitazama muda.

"Leo umeingia," akasema.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, karibu, mie siskii vizuri."

Nikampa simu bila ya kumwuliza hali. Akaiweka mbali, akaisogeza karibu, akaitazama mpaka ikaisha, akaitazama tena.

"Yuno nani?"

"Mama."

"Yuno si mamako."

"Najua meno si yake. Lakini kicheko chake."

"Kicheko ndicho kisichokuwa chake," akasema. Akaniwekea simu mapajani mwangu, taratibu. "Mamako siku ile hakucheka, mwanangu."

Nilimwambia yeye ni mzee sasa, amesahau, amepiga harusi ngapi. Hakuudhika. Alisema nyuso alizozifunika ndizo anazozikumbuka zaidi, kwa sababu alikaa nazo. Kisha akaniambia.

"Kabla hatujaanza, mamako kaniita jikoni. Kanambia, mie n'talia, najijua. Na mwanangu anakwenda nayo video hino Unguja. Akiona nnalia, kila siku atakuwa bandarini, hatakaa kwa mumewe. N'fiche. Nikamwambia hewala. Kanambia tena, na asijue. Nikamwambia hewala. Ulipotolewa nje, wenzake wakimtania, ati sasa umeutua mzigo, wanacheka. Kilio kikamtoka pale pale, nayo kanga kajiziba. Ndiyo ile unayoiona."

Kuna kitu nilichokuwa nimekiegemea miaka yote ile, na nilikisikia kikiondoka. Nilimfikiria mama katika nyumba ile, na mimi Unguja nikisema anacheka, angalieni.

"Nilipokuja kukuomba," nikamwambia, "kwa nini hukunambia?"

"Ulikuja kutaka picha. Picha sikuwa nayo. Hilo jengine kanambia usijue, na mie n'lisema hewala. Ningekufa nalo." Akaionyesha simu kwa kidevu. "Lakini umemvisha uso wa mtu. Mtu hatumjui, anacheka harusini kwenu. Hilo n'meshindwa kulinyamazia."

Nikalia, na yeye hakunibembeleza. Halafu nikamwuliza je, mama alilia mpaka lini, maana kwenye video baada ya pale haonekani tena.

"Mpaka lini sijui kukwambia. Karudi jikoni, nami nikamfuata. N'lipoona hanyamazi nikaizima kamera, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, nikakaa naye chini, tukashikana mikono. Tulikaa sana. Nyie mlikuwa ukumbini mwamtafuta mpiga picha."

"Tukikata keki," nikasema.

"Mkikata keki."

Kweli, kwenye video ya harusi yangu hamna keki. Mwaka mzima wa kwanza wa ndoa yangu nilimsema Bi Kamera kwa hilo, kwa kila aliyekaa kunisikiliza.